Siku Tuliyomfungulia Malkia wa Korosho

Wanangu, nasikia mnaanza kazi wiki ijayo na kwamba kiti changu cha dirishani mmeshaanza kukigombania. Kigombanieni tu. Mguu wake mmoja ni mfupi, na atakayeshinda atajua mwenyewe.

Chande, bosi wenu, ameniomba niwaandikie maneno mawili matatu kuhusu kazi mnayoirithi. Mimi nimestaafu kazi ambayo majirani zangu hapa Tumbi hawajaielewa mpaka leo. Nikiwaambia nilikuwa nafungulia watu, wanadhani nilikuwa magereza. Nikisema hapana, ni watu waliofungiwa kwenye mchezo wa simu, wananiangalia kwa huruma kisha wananiuliza kama nakunywa dawa zangu za presha.

Nazinywa. Na presha yenyewe, kama mnataka kujua, niliipatia pale pale juu ya lile duka la vipuri, kituo cha Kwa Mathias, huku mabasi ya Morogoro yakipiga honi chini na rufaa zikiingia juu.

Niliingiaje? Nilikuwa matroni wa bweni. Chande alipita mikononi mwangu akiwa mwanafunzi, mtoto mpole ila msumbufu wa kuchelewa kulala. Miaka ikapita, akaanzisha seva yake: mchezo wa kujenga vijiji, watu wanalima, wanauziana mazao, wanavamiana, maelfu ya watoto na watu wazima kwa pamoja. Siku moja akaja nyumbani, akanisalimia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama anayekuja kuposa.

"Mama Eliza," akasema, "vijana wangu wanaijua kompyuta. Tatizo, mtu akiwatukana na wao wanamtukana. Nataka mtu aliyezoea kudanganywa na watoto bila kukasirika."

Nilicheka. Nikakubali. Sikujua ninakubali nini.

Maana kazi hii ina hofu mbili, na zote zinakaa kwenye kiti kimoja na wewe. Ya kwanza ni kumfungulia mbaya. Kuna bwana mmoja nilimwamini, aliandika vizuri, akaomba radhi kwa adabu zote. Nikamfungulia. Jioni ile ile alikuwa ameshachoma vijiji vya watoto wapya na kuwaandikia matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata bwenini. Ya pili ni kumwacha nje asiye na kosa. Hiyo haina kelele. Aliyeonewa anaandika mara moja, anakata tamaa, anaondoka, na wewe hutajua kamwe. Ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi zaidi.

Uongo nao mtaukuta wa kila namna. Alikuwepo kijana mmoja aliyefiwa na mama yake mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza tulimpa pole na tukamfungulia. Mara ya pili nikadhani labda ni mama mkubwa. Mara ya tatu nikamwandikia: "Mwanangu, huyu mama sasa mwacheni apumzike." Hakurudi tena. Lakini ni kwa sababu yake Chande aliweka utaratibu wa funguo mbili: hakuna mchezaji anayefunguliwa mpaka wasimamizi wawili wabonyeze, kila mmoja kwenye mashine yake. Mtaukuta utaratibu huo na mtaulalamikia. Mimi pia niliulalamikia, hasa siku ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa mchana, saa ya watu kusinzia. Chande alikuwa Dar. Ofisini tulikuwa wawili, mimi na Dickson, ambaye leo ndiye atakayewafundisha. Wakati huo alikuwa bado kijana wa moto, hodari kuliko sisi sote, na alikuwa ameshadanganywa vya kutosha hata haamini mvua mpaka alowe.

Ikaingia rufaa ya mchezaji aliyejiita Malkia wa Korosho. Kisanduku cha rufaa wakati ule kilikuwa kidogo, sentensi mbili basi, na ukishatuma huwezi kutuma nyingine mpaka ujibiwe kwa barua pepe. Aliandika hivi: "naomba mnifungulie bibi ameanguka haamki nilikua naomba msaada sio fujo"

Nilitaka kumfungulia hapo hapo. Lakini Chande alinifundisha jambo moja nililolishika kama amri: soma alichofanya kabla hujasoma anachosema. Nikafungua mazungumzo yake ya uwanjani. Alikuwa ameandika sentensi moja, akairudia na kuirudia: "bibi ameanguka njooni." Wachezaji wengine walimjibu. Mmoja: "nyamaza tunavamia hapa." Mwingine: "mpe maji acha utoto." Na mtambo wetu wa kuzuia fujo, ambao haujui bibi wala babu, uliona mtu anayerudia maneno yale yale ukamfungia.

Nikamwita Dickson. Akasoma akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Mama, hiyo kamba."

"Unajuaje?"

"Mtu bibi yake kaanguka, anaingia kwenye gemu? Si angeita jirani? Si angepiga simu? Mama, wametufanyia hivi mara ngapi?"

Wanangu, alikuwa na haki kwa kila neno. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Angekuwa anasema upuuzi ningemkemea, tukamaliza. Barua pepe nilishaituma, ila akaunti ile iliandikishwa kwa barua pepe ya kubuni, ikarudi hapo hapo. Njia ya kuongea na yule mtoto ilikuwa moja tu, ndani ya mchezo, na mchezo tulikuwa tumemfungia.

Nikamwambia, "Dickson, tukidanganywa tutachekwa. Je, kama hatudanganywi?"

Alirudi kwenye mashine yake, akavuta kiti, akabonyeza ufunguo wake. Nami nikabonyeza wangu.

Sasa sikilizeni aibu yangu ndogo. Miaka yote ile nilikuwa nafungulia watu kuingia mahali ambapo mimi mwenyewe sikujua kutembea. Mhusika wangu mchezoni alikuwa mzee mwenye ndevu na mkuki kwa sababu sikuwahi kujua namna ya kumbadilisha. Nikaingia, nikaona jina la Malkia limeshawaka, kumbe alikuwa anajaribu kuingia bila kukoma; nikamtafuta, nikatumbukia kwenye mtaro. Nikaona bora nimwandikie humo humo mtaroni.

"Mwanangu, mimi ni msimamizi. Jina langu Mama Eliza. Bibi yuko wapi sasa hivi?"

Akajibu: "shikamoo. yuko chini jikoni"

Ile shikamoo ilinimaliza. Mtoto wa uongo hukimbilia kwenye machozi. Huyu alikumbuka kwanza kuamkia.

Hapa nataka mnisikilize kama mafundi. Ukimtilia mtu shaka, usimuulize kama anasema kweli. Atasema ndiyo, mkweli na mwongo. Muulize vitu vidogo vilivyo mbele ya macho yake. Mwongo ametayarisha msiba, lakini hajatayarisha jiko. Nikamuuliza bibi amelalaje. "ubavu". Anapumua? "ndio anakoroma". Uso wake ukoje? "mdomo umeenda upande mmoja". Nilikuwa nimefundishwa huduma ya kwanza enzi za bweni, nikajua hii siyo kuanguka kwa kujikwaa. Nikamwambia amwache vile vile kwa ubavu, amwekee kanga chini ya kichwa, asimpe maji wala chochote mdomoni.

"nilitaka kumpa maji," akaandika. "waliniambia nimpe maji"

Nikamwambia asimpe.

Vipande vingine vikaja kimoja kimoja. Jina lake Mwanaidi. Anaishi na bibi yake, Bi Mwajuma. Mama yake anafanya kazi kiwandani huku Kibaha, na wakiwa kazini simu zinawekwa kabatini. Salio la kupiga simu limekwisha. Limebaki bando la intaneti, na namba ya simu anayoitumia haijui, nisingeweza kumpigia. Jirani? Alikimbia kwa jirani, milango imefungwa, watu wote wamekwenda kuzika kijiji cha pili. Aliogopa kwenda mbali na kumwacha bibi. Watu pekee waliobaki kwenye simu ile walikuwa wachezaji.

"Muulize yuko wapi," Dickson alisema. Simu ilikuwa mkononi mwake tayari.

"masaki," akaandika.

Dickson akapiga namba ya dharura. Wakamuuliza, kwa haki kabisa, Masaki mtaa gani? Nikamuuliza Mwanaidi: nyumba yenu iko karibu na nini?

"mashine ya kusaga. halafu mikorosho halafu sisi"

Nikamsomea Dickson kwa sauti. Mkono wake wenye simu ukashuka taratibu.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya ubishi, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Masaki? Mashine ya kusaga? Pale kuna maghorofa na balozi. Hakuna mkorosho Masaki. Tumepigwa fiksi."

Mimi ni mtu wa Singida. Nililetwa Kibaha na ndoa. Masaki niliyoijua ni ile ya Dar, ya wenye nyumba zenye kamera getini. Mara moja nikamwona yule kijana wa mama aliyekufa mara tatu, akicheka. Nikaiona sura ya Chande akirudi na kukuta tumezuga watu wa dharura. Na kwenye kioo maneno yakaendelea kuingia: "mnakuja?" "mnakuja?"

Nisingeweza kumwambia mtoto "wewe mwongo." Sikuweza. Nikaandika swali la mwisho:

"Mkienda sokoni mnapanda gari gani?"

"linalotoka maneromango. tunashuka kisarawe mjini"

Dickson aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kisarawe! Mama, kuna Masaki ya Kisarawe! Kwenye njia ya Maneromango! Mungu wangu, nimewahi kupita!"

Kuanzia hapo sikuona tena kijana wa kubishana. Dickson alikuwa na rafiki aliyesoma naye, anaendesha bodaboda Kisarawe mjini. Akatoka kwenye ngazi za nyuma ili asikie, maana honi za mabasi hazikuwa na msiba wetu. Nikamsikia anapaza sauti: "Masaki ya huko kwenu! Bi Mwajuma, jirani na mashine! Tafuta namba ya mwenyekiti wa kitongoji, sasa hivi, kaka, sasa hivi!"

Nikageuka kwenye kioo nimpe Mwanaidi habari njema. Hayupo.

Alikuwa ameandika "mnakuja" mara nyingi mno. Mtambo umemfungia tena.

Nilipiga kelele, "Dickson!" mpaka muuza vipuri wa chini akatoka dukani kuangalia nani kagongwa. Dickson akarudi mbio na simu sikioni, akabonyeza ufunguo wake kwa mkono mmoja. Nikabonyeza wangu. Kisha nikauzima kabisa ule mtambo kwa wachezaji wote, nikasema kama watatukanana leo watukanane.

Lakini mlango kuwa wazi si sawa na mtu kujua kwamba uko wazi. Yeye aliona amefungiwa. Nani angemwambia ajaribu tena? Mzee wangu mwenye mkuki alikuwa mtaroni peke yake. Mchezaji mmoja, yule yule aliyeandika "nyamaza," akaja akasimama ukingoni mwa mtaro. "vipi yule dogo," akauliza. "kweli?" Nikamjibu ni kweli. Hakuondoka. Akaja mwingine, na mwingine. Walisimama pale na mapanga yao, uvamizi umekufa.

Nikawaza yale mtu anayowaza. Nikawaza kwamba amempa maji. Nikawaza kwamba ametoka kukimbia barabarani kutafuta gari, mtoto mdogo, na bibi amebaki peke yake jikoni. Nikawaza kwamba simu imezima, na mimi nilipoteza muda kuuliza habari za mikorosho. Chai yangu ilikuwa imepoa na sikumbuki niliimimina saa ngapi. Niliomba, wanangu. Niliomba kwa Kinyaturu, lugha ambayo naitumia nikiwa na hofu ya kweli tu.

Akaingia. Malkia wa Korosho, na taji lake la majani.

"Ulikuwa wapi mwanangu?"

"nilikua nampepea bibi"

Dickson akarudi. Mwenyekiti wa kitongoji amepatikana, yuko makaburini na kijiji kizima. Mazishi yamekwisha, na kenta, lori dogo lililowabeba, linageuza kuwarudisha. Nikamwandikia Mwanaidi kwamba watu wanakuja kwa gari, aendelee kumpepea, aje aniambie akisikia kitu.

Tukangoja. Siwezi kuwaambia ilikuwa muda gani. Dickson alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akiiangalia simu yake kana kwamba inaweza kumtoroka.

Kisha ikaja sentensi ambayo katika kazi yangu yote sijapata kuisoma mfano wake:

"kuna watu wanabisha hodi. bibi huwa anasema nisifungulie watu. niwafungulie?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo kwa maelfu ya wageni, na siku hiyo lilinishinda. Je, kama si wao? Mtoto wa kike peke yake, kijiji kimehama, na mimi niko Kibaha nikimwambia fungua. Nikamwandikia: "Usifungue bado. Uliza kwa sauti, nyie nani na nani amewatuma."

Akarudi:

"wanasema mwenyekiti. wanasema wametumwa na mama eliza"

Dickson alikuwa amewatajia jina langu. Sikujua. Nikaandika: "Ndio hao. Wafungulie."

Yule Malkia akabaki amesimama kando ya mtaro, hasogei, na wale wachezaji wote wamemzunguka. Hakuandika tena. Simu ilikuwa imewekwa chini mahali fulani Masaki na watu walikuwa wanambeba Bi Mwajuma. Tulikaa tukimwangalia yule binti wa kuchora mpaka simu ya Dickson ilipoita, na rafiki yake wa bodaboda akasema wamempakia, anapumua, wanaelekea hospitali ya Kisarawe.

Dickson aliweka simu chini akafunika uso. Mimi nilienda dirishani kuangalia mabasi. Siku ile ofisi yetu haikufungulia mtu mwingine.

Chande alirudi, akasikiliza kisa chote, hakugombeza habari ya mtambo kuzimwa. Wiki ile ile alibadilisha ukurasa wa rufaa: aliyefungiwa anaweza kuongea na msimamizi moja kwa moja, na maneno kama "ameanguka" na "msaada" yanapiga kengele mezani kwenu. Kengele hiyo italia bure mara nyingi. Itawachosha. Mtachekwa. Siku itakapoanza kuwakera, ombeni likizo, lakini msiizime.

Bi Mwajuma alihamishiwa hospitali ya hapa Tumbi, na mimi nikaenda kumwona, maana ni mwendo wa miguu kutoka kwangu. Nilibeba uji kwenye chupa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka kama si wake, na maneno yalimtoka kwa shida. Alikuwa hai, na macho yake yalikuwa makali. Mwanaidi alikuwa kando ya kitanda, mwembamba, sare ya shule imemzidi. Aliponiona hakujua mimi ni nani. Alimtarajia mzee mwenye ndevu. Nilipojitaja alijificha nyuma ya mama yake.

Mama mtu alinishika mikono yote miwili, akalia, akashukuru, akalia tena. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akanivuta pembeni.

"Mama, nina ombi moja, naomba usinielewe vibaya."

"Sema, mwanangu."

"Huyu mtoto anacheza mno. Madrasa haendi, daftari hashiki. Nilisikia mnaweza kufungia watu. Mfungieni tena. Angalau mpaka mitihani."

Sikuwa nimecheka tangu siku ile ya tukio. Nilicheka mpaka muuguzi akanikazia macho. Nikaanza kumweleza kwamba sisi tuna taratibu, kwamba mtoto hana kosa, kwamba hayo ni ya mzazi na mtoto wake. Mwanaidi alikuwa anasikiliza, macho yamemtoka, akingoja hukumu.

Ndipo tukasikia sauti kutoka kitandani. Bi Mwajuma alikuwa anahangaika na mdomo wake, akilivuta neno upande ule uliokuwa bado unamtii. Mama mtu akainama.

"Unasemaje, mama?"

Bibi akameza, akajaribu tena, silabi moja moja, na mkono wake wa kushoto ukatafuta kichwa cha mjukuu wake.

"Mwa… che… ni," akasema. "Mwacheni."